Meno 40 ndani, meno 44 nje

Chungulia chini ya Volkswagen Beetle ya zamani, upande wa nyuma, utafute springi. Hutaziona. Kinachobeba uzito kimefichwa ndani ya bomba lililokatiza chesisi: nondo mbili za chuma, kila moja na gurudumu lake. Gurudumu likipanda jiwe nondo inajisokota, likishuka inajirudisha. Ndiyo tosheni baa.

Ofisi ya Ferdinand Porsche, mbunifu wa Beetle, mjini Stuttgart iliombea hataza mfumo huu mwaka 1931. Kufikia 1934 nondo za aina hiyo zilikuwa kwenye magari ya mashindano ya Auto Union, na Wafaransa wa Citroën walikuwa wameziweka kwenye Traction Avant. Morris Minor ilizipata baadaye, Jaguar E-Type pia. Ila Beetle ndiyo iliyozisambaza duniani, maana Beetle zaidi ya milioni 21 ziliundwa hadi uzalishaji ulipokoma Puebla, Mexico, mwaka 2003. Kwetu Afrika Mashariki nondo hizo zilipimwa kwa vumbi na tope: Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini iliyokalia magurudumu ya nyuma ilisaidia kukamata ardhi, lakini bila nondo zile mashimo yangeimaliza.

Wengi humsifu Porsche kwa injini inayopozwa na hewa. Mimi nasifu zaidi meno ya nondo hizi. Ncha ya ndani ina meno 40, ya nje 44. Ukisogeza ya ndani jino moja, umezungusha nyuzi 9. Ukirudisha ya nje jino moja, umepunguza nyuzi 8 na kidogo. Kinachobaki hakifiki hata nyuzi moja, na kwa kiasi hicho fundi hupandisha au kushusha gari bila skrubu yoyote ya kurekebishia. Hesabu tupu, iliyochongwa kwenye chuma!

Kazi yenyewe inadai subira. Kabla ya kufungua, fundi hupiga alama kwenye bamba la chuma linaloshika nondo na kupima pembe yake. Bamba hilo limekazwa kwa nguvu kubwa, hivyo huteremshwa taratibu kwa jeki. Likifyatuka linaweza kuvunja mkono. Nondo ya kushoto haifungwi kulia, kwa sababu kila moja imesokotwa kiwandani kuelekea upande wake, na ikigeuziwa mzigo itakatika. Mkwaruzo nao si wa kupuuzwa: ufa huanzia hapo.

Pande zote mbili zifungwe kwa pembe moja, la sivyo gari litainamia upande. Kisha liendeshwe kidogo ili likae sawa, lipimwe tena kimo, na magurudumu yafanyiwe alaimenti upya, kwa kuwa kimo cha nyuma kikibadilika, mlalo wa matairi hubadilika pia.