Paa la Gari, Daktari wa Meno na Mvua ya Songea

Nilikuwa nyumbani Majengo, Songea, likizo ya wiki mbili, na siku nne nimezimaliza kichwa kikiwa ndani ya buti la gari.

Gari lenyewe ni la marehemu kaka. Mtumba wa Japani, milango miwili, paa la bati linalojikunja na kuingia kwenye buti ukibonyeza kitufe (aina yake siitaji). Mama alishapata mnunuzi kutoka Mbinga, na hela ilikuwa na kazi yake: ada ya watoto wa kaka. Mimi nikajifanya mjanja, nikabonyeza kitufe niwaonyeshe watoto. Paa likanyanyuka, likafika katikati, likagoma. Novemba hiyo, mawingu yameshajaa!

Wakati nasubiri fundi nikaanza kusoma. Zamani kwetu paa la kufunguka lilikuwa turubai. Land Rover iliyozinduliwa Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na turubai juu ya fremu ya chuma, na Land Rover ndiyo iliyomzungusha Mwalimu mikoani enzi za TANU. Turubai likichanika unashona, fremu ikipinda unagonga nyundo. Kwisha.

Lakini hili la bati? Nilidhani ni ujanja wa Wajapani wa juzi. Kumbe ni kazi ya daktari wa meno! Mfaransa, Georges Paulin, na Peugeot waliliingiza sokoni mwaka 1934. Ndiyo, Peugeot hao hao ambao 404 yao ilimpa Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, ushindi wa Safari Rally 1966 na 1967. Kilichonichekesha ni kwamba walianza na paa la umeme, halafu mwaka 1936 wakaleta 402 ndefu zaidi ambayo paa lake unalisukuma kwa mikono.

Vita vilipokuja, Paulin akawa anawapelekea Waingereza siri za Wajerumani. Wakamkamata, na mwaka 1942 wakampiga risasi. Mtu wa Songea hawezi kusoma hilo akapita tu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mjini viongozi wa Kingoni wa vita vya Majimaji, na Nduna Songea Mbano, mwenye jina la mji huu, akafuata siku chache baadaye. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa hapa kuomba radhi. Utawala mwingine, najua. Lakini niliweka simu pembeni nikakaa kwanza.

Baada ya vita Ford wa Marekani walijaribu na Skyliner mwaka 1957, wakaacha 1959. Mercedes SLK ya 1996 ndiyo iliyorudisha mtindo, na mitumba ya leo inafuata humo.

Tuliyempata si fundi magari, ni mzee anayetengeneza redio mtaani. Akazunguka gari mara moja. "Kijana, hili si gari, hii ni redio yenye matairi." Mota inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye silinda za pande mbili, na kila hatua kuna swichi ndogo ya kuiambia kompyuta "tayari, endelea". Swichi moja ikinyamaza, kila kitu kinasimama.

Jioni ile mvua ilishaanza kunusa. Mzee akalegeza vali ya pampu kuondoa presha, mimi upande huu, binamu upande ule, tukanyanyua kwa pamoja (upande mmoja ukitangulia, fremu inapinda) tukalifunga kwa mikono. Peugeot ya 1936 kabisa!

Ugonjwa tuliuona siku ya tatu: waya wa swichi ya buti umeliwa na panya. Miezi minane chini ya mwembe, ungetegemea nini? Mzee akaunga kwa risasi, akazungushia tepu, akakaza vali.

Jumamosi mnunuzi akabonyeza mara tatu, likafunga mara tatu. Alipotaka ya nne, mama akamwambia, "Inatosha baba, utalichosha." Hela zikahesabiwa mezani, na ada ya Januari ikatengwa hapo hapo.