Kanisa la Hvalsey

Kanisa la Hvalsey (kwa Kiskandinavia cha kale: Hvalseyjarfjarðarkirkja) ni gofu la kanisa la mawe kusini mwa Greenland, takriban kilomita 18 kaskazini-mashariki ya mji wa Qaqortoq. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na wafugaji Waskandinavia, wazao wa walowezi waliotoka Iceland. Kati ya majengo yote waliyoyaacha, hili ndilo lililohifadhiwa vizuri zaidi. Linajulikana hasa kwa ndoa iliyofungwa ndani yake tarehe 16 Septemba 1408, kwa kuwa hati za ndoa hiyo ni kati ya maandishi ya mwisho kuhusu jamii hiyo kabla haijatoweka.

Jina Hvalsey lina maana ya "kisiwa cha nyangumi". Kwa lugha ya Kigreenland mahali hapo panaitwa Qaqortukulooq.

== Walowezi wa kwanza ==

Mnamo mwaka 985 au 986 Erik Mwekundu aliongoza safari ya kuhamia Greenland. Kadiri ya masimulizi ya Iceland, merikebu 25 zilianza safari na 14 tu zilifika. Wengi walikaa kusini, kwenye hori ndefu zenye majani ya kulishia ng'ombe, kondoo na mbuzi. Eneo hilo liliitwa Makazi ya Mashariki. Hori ya Hvalsey ilichukuliwa na Thorkell Farserk, ndugu wa Erik. Kitabu cha Walowezi cha Iceland kinasimulia kwamba siku moja Erik alimtembelea na hapakuwa na mashua nzuri. Basi Thorkell aliogelea hadi kisiwani, akarudi na mnyama wa kuchinja mgongoni ili mgeni asikose kitoweo. Ni hadithi tu, lakini inaonyesha jinsi wazao wa walowezi walivyopenda kuwakumbuka wazee wao.

Ukristo uliingia karibu na mwaka 1000. Makanisa ya kwanza yalikuwa madogo, ya mbao zilizozungukwa na kuta nene za udongo wenye majani. Katika karne ya 12 Greenland ilipata askofu wake mwenyewe huko Garðar.

== Jengo ==

Kanisa lina urefu wa takriban mita 16 na upana wa mita 8, na kuta zake zina unene wa mita 1.5 hivi. Mawe ni ya matale ya palepale, mengine yakiwa na uzito wa tani kadhaa. Yalichaguliwa na kupangwa kwa uangalifu mkubwa, yakashikizwa kwa udongo na chokaa iliyotengenezwa kwa kombe za baharini. Paa lilikuwa la mbao, nalo limetoweka kabisa. Ukuta wa mashariki una dirisha kubwa lenye upinde, na mlango mkuu uko magharibi.

Madirisha ni membamba upande wa nje na yanapanuka kuelekea ndani. Mtindo huo haujulikani katika makanisa ya Iceland, bali katika yale ya Norwei na visiwa vya Uingereza. Kwa hiyo inadhaniwa kwamba mafundi walitoka huko au walijifunza huko. Hata hivyo mafundi hao walifanya jambo moja la kushangaza: walijenga juu ya makaburi ya zamani bila kuandaa msingi imara. Ardhi ilididimia na kuta zikaanza kuinama.

Karibu na kanisa kuna magofu ya nyumba, mazizi, maghala na ukumbi wa karamu wa mawe. Ni wazi kwamba mwenye boma hilo alikuwa tajiri.

== Ndoa ya mwaka 1408 ==

Mwaka 1406 merikebu iliyokuwa ikitoka Norwei kwenda Iceland ilipotezwa njia na upepo ikafika Greenland, na abiria wake wakakaa huko miaka minne. Mwaka 1407 mtu aliyeitwa Kolgrim alichomwa moto, akishtakiwa kwamba alimvuta kwa uchawi Steinunn, mke wa mmoja wa wasafiri hao. Inaandikwa kwamba Steinunn alirukwa na akili, akafa baadaye.

Mwaka uliofuata Thorstein Ólafsson alimwoa Sigríður Björnsdóttir katika Kanisa la Hvalsey, baada ya ndoa kutangazwa Jumapili tatu kama sheria ya Kanisa ilivyodai. Mwaka 1409 makasisi wawili wa Garðar waliwaandikia hati ya kuthibitisha. Merikebu iliondoka mwaka 1410, na baadaye wanandoa hao walikaa Akrar, kaskazini mwa Iceland. Huko mashahidi walioiona ndoa yao walitoa tena ushahidi, nao ukaandikwa. Katika maandishi hayo yote hakuna neno lolote kuhusu njaa, vita wala maradhi. Kanisa linaonekana lina makasisi, waumini na utaratibu wake wa kawaida.

== Kutoweka kwa wakazi ==

Baada ya mwaka 1410 hakuna habari tena. Uchunguzi wa akiolojia unaonyesha kwamba watu waliendelea kuishi katika eneo hilo kwa miongo kadhaa, kisha makazi yakabaki matupu katika karne ya 15. Hali ya hewa ilikuwa imepoa na nyasi kupungua. Mifupa ya makaburini inaonyesha kwamba wakazi walizidi kula sili na vyakula vingine vya baharini. Biashara nayo ilififia. Greenland iliuza meno ya walarasi, lakini Ulaya ilikuwa imeanza kupata pembe za ndovu kutoka Afrika, zikiwemo zile za pwani ya Afrika Mashariki. Merikebu zikawa chache, na huenda vijana waliondoka kidogokidogo kwenda Iceland na Norwei.

Masimulizi ya Wainuit, yaliyoandikwa katika karne ya 19, yanasema kulikuwa na mapigano kati yao na Waskandinavia katika eneo hilo. Wanaakiolojia hawajapata ushahidi wa mauaji ya halaiki.

== Utafiti na hifadhi ==

Mmisionari Hans Egede alifika Greenland mwaka 1721 akitumaini kuwakuta wazao wa walowezi. Mwaka 1723 alifika Hvalsey akakuta kuta tu. Wataalamu kutoka Denmark walichunguza magofu hayo katika karne ya 19, na Aage Roussell alichimba huko mwaka 1935. Mwaka 1999 kuta zilizokuwa zikiinama ziliimarishwa. Tangu mwaka 2017 Hvalsey ni sehemu ya eneo la Kujataa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.