Siri za Ulinzi na Deni la Taifa: Funzo la Msumbiji

Athari za matumizi ya kijeshi kwa deni la taifa aghalabu hupimwa kwa uwiano wa matumizi hayo na pato la taifa. Kipimo hicho kinafaa, ila hakionyeshi mkopo uliofichwa. Makala haya yanadai kwamba katika nchi inayoendelea, usiri unaozunguka ununuzi wa zana una hatari kubwa kuliko hata bei ya zana hizo.

Meli za doria na rada hununuliwa nje kwa dola, ilhali kodi hukusanywa kwa sarafu ya ndani. Gati lililojengwa kwa mkopo hutoza ushuru. Meli ya doria haimtozi mtu. Deni lake hulipwa kwa jasho la sekta nyingine, na sarafu ikishuka, mzigo huongezeka bila risasi hata moja kununuliwa.

Ndiyo maana swali la marejesho lilipaswa kuulizwa mapema nchini Msumbiji. Mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu zilizofungamana na idara ya usalama, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa takriban dola bilioni 2 kupitia benki za Credit Suisse na VTB kwa ajili ya ulinzi wa pwani, uvuvi wa jodari na matengenezo ya meli. Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alitia saini dhamana za serikali bila idhini ya Bunge. Mapato yaliyotarajiwa hayakuja. Mikopo iliyofichwa ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wahisani walisitisha misaada, na Januari 2017 serikali ikashindwa kulipa riba ya hatifungani. Wakaguzi wa Kroll walikuta takriban dola milioni 500 hazina maelezo ya kuridhisha.

Yupo atakayesema kwamba usalama hausubiri mjadala. Ni kweli: Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, Tanzania haikuwa na nafasi ya kukokotoa riba, na vita vile viliikausha hazina yake ya fedha za kigeni. Hata hivyo, Nyerere aliwatangazia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mlipaji alijua analipia nini. Msumbiji, kwa upande wake, ilikosa vyote viwili, uwazi na ulinzi: Oktoba 2017 waasi waliposhambulia Mocímboa da Praia, mji wa pwani, deni lilikuwepo lakini ulinzi haukuwepo, na mwaka 2021 ikabidi majeshi ya Rwanda na ya SADC yaitwe.

Mahali zilipo silaha pana haki ya kuwa siri. Kiasi cha mkopo, riba, muda wa marejesho na jina la mdhamini havina haki hiyo, kwa kuwa benki ya kigeni inavijua tangu siku ya kutia saini. Asiyejua ni Bunge na mlipakodi pekee, na hao si adui.