Mganga wa Meno na Elimu Isiyo Kikomo

Twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wa Kigali habari za Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013. Katika kitabu chake At-Tasrif, chenye juzuu 30, alichora vyombo vya kukwangulia ukoga wa meno, akaeleza matumizi yake. Humo aliwakemea vinyozi wajinga waliokimbilia kung'oa; kwani maumivu humhadaa mgonjwa, likang'olewa jino zima na bovu likabaki kinywani.

Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri kwa Kilatini sehemu ya upasuaji, na Ulaya ikajifunza kwayo. Lakini elimu haikusimama hapo. Mwaka 1846 William Morton, mganga wa meno wa Boston, alionyesha kuwa etha huondoa maumivu ya upasuaji. Mwaka 1890 Miller, Mmarekani aliyefundisha Berlin, alieleza namna vijidudu vinavyoozesha meno. Mwaka 1895 Röntgen aligundua eksirei, hata mzizi ukaonekana ndani ya taya. Mganga aliyeridhika na masomo ya ujana wake aliachwa nyuma na hayo yote.

Kosa la vinyozi wale halijatoweka. Hapa Rwanda, mtoto mchanga akipatwa na homa au kuhara, wako wasemao ana ibyinyo. Wakampasua ufizi, wakazing'oa chonge zisizoota bado, nazo ni nzima! Damu humtoka, jeraha huingia uchafu, na maradhi yenyewe hubaki bila dawa. Daktari wa meno hana budi kulisoma jambo hili na kumfahamisha mama kwa upole.

Chuo cha Afya cha Kigali, kilichoanzishwa mwaka 1996, kiliingizwa mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Nalo baraza linalowasimamia madaktari hao huwataka waendelee kujifunza ndipo leseni zao zifanywe upya. Kumbe shahada ni mlango tu, si nyumba.

Enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wengi wa Kiislamu wakakosa masomo. Basi kijana wetu aliyepata leo walichokosa babu zake asikiache kikaota kutu. Kutafuta elimu ni faradhi, na faradhi hiyo haikomi siku ya kupokea shahada.