Nani alimrudisha Manula golini?

TUNDUMA. Novemba 5 ikikaribia, mji huu wa mpakani huongeza kazi moja juu ya ile ya kila siku ya kuvusha malori. Kuanzia Sogea hadi Mpemba, shabiki wa Yanga akikutana na mwenzake wa Simba haanzi na salamu. Humnyooshea mkono wenye vidole vitano vilivyotanuka, kisha ndipo amuulize habari za nyumbani. Wanaobadili fedha pale forodhani nao wana lao: ukidai noti tano za kwacha, utaulizwa kama moja ni ile ya Kibu Denis.

Utani huo unatokana na Jumapili ya Novemba 5, 2023, pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga ilipoifunga Simba mabao 5-1, hilo moja la Simba likiwa la Kibu. Matokeo hayo yameshaandikwa mara nyingi, na Wananchi hawatayasahau, kama Wekundu wa Msimbazi nao wasivyoyasahau mabao 5-0 ya Mei 6, 2012, siku ambayo hata kipa wao Juma Kaseja alifunga kwa penalti. Kinachobishaniwa Tunduma na Vwawa hadi leo ni jambo jingine: nani alimrudisha kipa wa Simba, Aishi Manula, golini siku ile, na kwa nini lawama zilimwangukia yeye?

Nimesikiliza pande mbili. Wa kwanza ni mfanyakazi mstaafu wa TAZARA, mkazi wa Tunduma, Simba wa damu, anayetamba kwamba mwaka 1979 aliishuhudia nchi ikitaharuki mara mbili ndani ya wiki chache: Simba ilipopigwa 4-0 na Mufulira Wanderers jijini Dar es Salaam, kisha ikaenda Lusaka na kurudisha 5-0. Wa pili ni mlinda mlango wa zamani wa madaraja ya chini, ambaye sasa anafundisha vijana kudaka mjini Vwawa. Mstaafu anamlaumu kocha. Mwalimu wa makipa anatulaumu sisi mashabiki, na baada ya kumsikiliza kwa makini, naona ana hoja.

Tuanze na mlango wenyewe. Nchi hii imewahi kuwa na makipa wa kutajwa. Juma Pondamali alikuwa na Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za Lagos mwaka 1980. Mohamed Mwameja alidaka Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Kaseja aliwatoa jasho Zamalek mjini Cairo mwaka 2003. Kisha akaja Manula, mzaliwa wa Morogoro aliyelelewa na Azam, aliyedaka timu hiyo ilipotwaa Kombe la Kagame mwaka 2015 bila kuruhusu bao. Simba ilimchukua mwaka 2017, na misimu minne iliyofuata ubingwa wa ligi ulikwenda Msimbazi. Alikuwa golini pia Taifa Stars iliporudi fainali za Afrika mwaka 2019 nchini Misri, baada ya miaka 39 ya kusubiri.

Aprili 2023 mwili ukagoma. Manula aliumia, akakosa mechi muhimu za mwisho wa msimu, na hatimaye akapelekwa Afrika Kusini kufanyiwa upasuaji. Hapo ndipo mgogoro wetu unapoanza, kwa sababu nafasi yake ilichukuliwa na kijana ambaye wengi hawakumtarajia, Ally Salim.

Mwalimu wa makipa anataka sehemu hii isirukwe. Ally Salim alitupwa kwenye moto bila kuandaliwa. Aprili 16, 2023 alisimama golini Simba ikiifunga Yanga 2-0. Siku chache baadaye alikuwa golini dhidi ya Wydad Casablanca katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 ugenini, ikatolewa kwa penalti. Agosti 13, kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, kijana huyo alipangua penalti tatu za Yanga na Simba ikaondoka na ngao. Kwa kipa aliyeanza kama mbadala wa dharura, hiyo ilikuwa rekodi ya kujivunia.

Lakini shabiki wa mpira ni mgumu kushiba. Simba ilikuwa imemsajili Mbrazili Jefferson Luis, naye akaumia kwenye maandalizi ya msimu na kuachwa. Akaletwa Ayoub Lakred kutoka Morocco. Kila bao lililoingia, vibanda umiza vya Tunduma vilisikika vikiulizana: Manula atarudi lini? Simba ilipokwenda Ndola Septemba 2023 kucheza na Power Dynamos na kutoka 2-2, mabao yote mawili ya Simba yakifungwa na Clatous Chama, wapo waliovuka mpaka hapa kwenda kushuhudia, wakarudi wakilalamikia mlango badala ya kumshukuru Chama. Oktoba ikaja michuano ya African Football League. Simba ilitoka sare mara mbili na Al Ahly, 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo, bila Manula golini. Bado wimbo ulikuwa uleule. Arudi Manula.

Mwalimu wa makipa anasema hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kipa aliyefanyiwa upasuaji anaweza kukimbia, kuruka na kudaka mipira ya mazoezini, na daktari akaridhika. Kuna kitu kimoja mazoezi hayakirudishi: kuamua. Mpira wa krosi unapopaa, kipa ana nusu sekunde ya kuchagua kutoka au kubaki. Akiwa na mashaka na mguu anaoutegemea kujisukuma, huchelewa kidogo, na huko kuchelewa kidogo ndiko kunakozaa bao. Dawa yake ni mechi: kwanza za kirafiki, kisha zile ambazo makosa hayana gharama kubwa, ndipo zile kubwa.

Wenzetu wa michezo mingine walishalijua hilo. Marekani, kwenye besiboli, mchezo ambao siku hizi unachezwa pia na wanafunzi wa baadhi ya shule zetu, mrushaji wa mpira ndiye anayesimama peke yake mbele ya lawama, sawa na kipa. Mwaka 1974 mrushaji Tommy John alifanyiwa na Dk Frank Jobe upasuaji wa kiwiko ambao haukuwahi kufanyiwa mchezaji wa mchezo huo. Alikaa nje msimu wote wa 1975, akarudi 1976, na baada ya hapo akashinda mechi nyingine 164 kabla ya kustaafu mwaka 1989. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Mrushaji anayerudi kutoka majeruhi kwa kawaida hupelekwa kwanza timu za ligi ya chini, anahesabiwa idadi ya mipira atakayorusha, anaongezewa kidogo kidogo. Mashabiki huko nao hunung'unika na kuulizana kama mkono wake utahimili mwezi mmoja, lakini angalau ngazi ya kupandia ipo.

Manula hakupewa ngazi. Baada ya takriban miezi saba nje, alirudi langoni dhidi ya Yanga.

Mstaafu wa TAZARA anaikumbuka siku hiyo kwa mpangilio wa saa. Kikosi kilipotangazwa, anasema, kibanda alichokaa kililipuka kwa shangwe kana kwamba bao limefungwa. Tanzania One amerudi! Waliokuwa na mikeka yao ya kubeti wakajuta kuipa Yanga. Dakika ya tatu Kennedy Musonda, Mzambia, akafunga, na upande wa pili wa mpaka, Nakonde, nako wakapata la kusema. Dakika ya tisa Kibu akasawazisha. Mapumziko 1-1, watu wakanunua chai na kuamini.

Kisha ikaja dakika ya 64, Maxi Nzengeli. Dakika ya 73, Stephane Aziz Ki. Dakika ya 77, Maxi tena. Dakika ya 87, Pacome Zouzoua kwa penalti. Mabao manne ndani ya dakika zisizozidi 25. Mstaafu anasema baada ya la nne alitoka nje, na akagundua kwamba nje kumejaa watu kuliko ndani.

Lawama hazikusubiri filimbi. Waliokuwa wakiimba arudi Manula ndio waliosema hajapona, mzito, amekwisha. Wengine walikwenda mbali zaidi, kwa tabia yetu mbaya ya miaka mingi, kwamba kipa akifungwa na mtani lazima kuna mkono wa mtu. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wala aliyeona haja ya kuwa nao. Wachache sana walitaja viungo walioacha kurudi nyuma kukaba, au mabeki waliobaki wawili dhidi ya wanne kila Yanga ilipopokonya mpira katikati.

Novemba 7 Simba ikaachana na kocha Roberto Oliveira, maarufu Robertinho, pamoja na kocha wa viungo Corneille Hategekimana. Timu ikaachwa kwa muda mikononi mwa Daniel Cadena, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha makipa. Mstaafu anaona hapo kesi yake imekwisha: kocha alimpanga, kocha akafukuzwa, haki imetendeka. Mwalimu wa makipa anacheka. Kocha gani wa Simba, anauliza, angemwacha Manula benchi siku ya dabi, akafungwa, kisha akaweza kutembea Kariakoo?

Tulishaona filamu hii. Desemba 21, 2013, kwenye mchezo wa Nani Mtani Jembe, Kaseja alikuwa golini kwa Yanga baada ya kukaa nje tangu Simba ilipomwacha. Simba ikashinda 3-1, Kaseja akabebeshwa lawama, na kocha Ernie Brandts akafukuzwa. Waliomzika Kaseja siku ile walimshangilia Septemba 2019, akiwa mchezaji wa KMC, alipokuwa golini Taifa Stars ikiitoa Burundi kwa penalti 3-0 katika kufuzu Kombe la Dunia. Hakuna aliyemwomba radhi.

Manula naye alipata siku yake, na bahati nzuri ilihusu mpaka huu. Januari 2024 alikuwa golini kwenye fainali za Afrika nchini Ivory Coast. Januari 21, mjini San Pedro, Taifa Stars ilikutana na Zambia. Tunduma na Nakonde siku hiyo ziligawanyika kwa jezi, ingawa familia nyingi zina ndugu pande zote mbili. Simon Msuva alifunga mapema, Zambia ikapata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na Stars ikashikilia bao hilo hadi dakika ya 88, Patson Daka aliposawazisha. Siku tatu baadaye Manula hakuruhusu bao dhidi ya DR Congo, 0-0. Kipa aliyeambiwa amekwisha alikuwa amedaka mechi zote tatu za taifa lake kwenye mashindano makubwa ya bara, ndani ya miezi mitatu tangu yale mabao matano.

Msimbazi hakukuwa na subira hiyo. Lakred akawa chaguo la kwanza, naye alipoumia kwenye maandalizi ya msimu wa 2024/25 akaletwa Moussa Camara kutoka Guinea. Mwaka 2025 Manula akarudi Azam, alikoanzia.

Haya ni ya wakubwa, wenye klabu za kupeleka mchezaji Afrika Kusini. Hapa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, tumekuwa na Kimondo ya Mbozi na baadaye Songwe United iliyofika Ligi ya Championship. Chini yao zipo timu za mitaa zisizo na mtu hata mmoja aliyesomea tiba ya viungo. Mwalimu wangu wa makipa aliumia goti akiwa kijana, akachuliwa kwa mafuta, akafungwa bandeji, na wiki mbili baadaye akarudishwa golini kwa sababu kulikuwa na mechi dhidi ya majirani na watu walikuwa wakimwita jina lake. Goti hilo halikupona tena.

Ndiyo maana kesi ya Manula anaichukulia kama yake, na ndiyo maana makala hii imeegemea upande wake. Viongozi wa soka mkoani hupata fedha za jezi kila msimu wa uchaguzi unapokaribia. Wakipata pia za kumlipa mtaalamu mmoja wa viungo kwa ajili ya ligi ya mkoa, mwenye mamlaka ya kusema huyu hachezi Jumapili na akasikilizwa, watakuwa wamefanya kubwa kuliko jezi. Upande wetu mashabiki gharama ni ndogo zaidi. Kipa akiwa majeruhi, tuache kumwita kabla hajaitwa na daktari. Na tukimwita akafungwa, tukubali kwamba katika yale mabao matano, moja lilikuwa letu.