Sebule Ndogo, Watu 11: Namna ya Kuipanga Upya

Leo tuzungumze jambo la ndani ya nyumba: ile sebule ndogo ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kupokea wageni, ya kulia, ya watoto kusomea, na ya kulaza mgeni akichelewa kurudi kwao.

Kwetu tuko watu 11: mimi na mume wangu, watoto sita, mama mkwe wangu, na wifi yangu na mwanawe. Sebule yetu ina mita 3 kwa mita 4.2, takriban futi 10 kwa 14. Ndani yake tulikuwa na seti ya sofa ya watu saba, meza ya kioo, kabati la televisheni na meza ya kulia ya viti sita. Kwa miaka mingi tulikula kwa mafungu. Mume wangu, mama mkwe na watoto wakubwa mezani. Wadogo kwenye sofa, sahani mapajani. Mimi na wifi yangu jikoni, tumesimama. Ramadhani moja, adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa, kitindamimba wangu akaniuliza, "Mama, kwani wewe hufuturu na sisi?" Sikuwa na jibu.

Nilidhani dawa ni nyumba kubwa. Kumbe dawa ilikuwa futi kamba.

Pima kwanza, usinunue kitu

Pima urefu na upana wa chumba. Andika mlango unafungukia wapi, dirisha liko wapi, soketi ziko wapi. Kisha pima kila kilichomo ndani.

Sofa nyingi za dukani zina kina cha sentimita 90 au zaidi. Ukiziweka mbili zikaangaliana katika chumba cha upana wa mita 3, zimeshakula mita 1.8. Imebaki mita 1.2, na meza ya kioo bado haijaingia. Meza ya watu sita nayo yaweza kuwa na upana wa sentimita 90 tu, lakini ili watu wavute viti wakae pande mbili, yahitaji karibu mita 2.4. Na yote hiyo ni kwa saa moja au mbili kwa siku. Saa zilizobaki, kwetu ilikuwa pahali pa kurundika nguo zilizoanuliwa.

Katikati pabaki wazi

Ukiingia nyumba za mawe za Lamu au Mji wa Kale, Mombasa, utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuruhusu upana mkubwa, mara nyingi mita 2.5 hadi 3 tu. Upana huo ni kama wa sebule zetu za leo, na familia zilikuwa kubwa vilevile. Watu walikaa kando ya ukuta, chakula kikatandikiwa chini, wakimaliza mkeka ukakunjwa. Vyombo vya thamani viliwekwa kwenye zidaka ukutani. Mgeni asiye wa ndani alipokewa dakani, kwenye baraza za mawe, bila kukatiza wenye nyumba.

Sisemi turudi kuishi kama zamani. Nasema tuchukue hilo moja: vitu viende ukutani, katikati pabaki pa watu.

Baraza mahali pa sofa

Tuliuza seti ile na meza zote mbili, tukamwita fundi atutengenezee baraza ya mbao kufuata ukuta mrefu. Vipimo ni hivi: urefu mita 3.8, kina sentimita 60, kimo sentimita 45 pamoja na godoro la sponji. Hukaa watu saba, sawasawa na seti iliyoondoka. Tofauti ni kuwa chini yake ni sanduku lenye vifuniko. Humo mna mikeka, mashuka ya wageni, mito na vitabu vya watoto. Usiku hulala watu wawili, miguu kwa miguu.

Nionye jambo. Vifuniko vya kwanza vilikuwa vya chipbodi. Kwa unyevu wa pwani na maji ya kupigia deki vilivimba ndani ya miezi michache. Tumia mbao zenyewe zilizokauka vizuri, zipakwe dawa ya mchwa, na bawaba za shaba, kwani za chuma cha kawaida huliwa na chumvi. Foronya za magodoro ziwe na zipu ili zifuliwe.

Kula pamoja

Baada ya baraza hubaki upana wa mita 2.4. Sinia ya sentimita 60 na watu watano kuizunguka yahitaji duara la kama mita 2. Kwa hivyo masinia mawili huenea katika urefu wa mita 4.2, nao ni watu 10. Sufra hutandikwa, watu hula, hukunjwa, na chumba hurudi kuwa sebule.

Wa 11 ni mama mkwe, ambaye magoti hayamruhusu kukaa chini. Yeye hukaa mwisho wa baraza, na mbele yake kuna kimeza cha kukunja kilichofungwa kwenye ukuta wa pembeni. Sinia iko karibu naye, wajukuu humpakulia, na mazungumzo hayampiti. Baada ya chakula kimeza hicho ni cha kufanyia kazi za shule. Usipange nyumba ukawasahau wazee. Mpango usiowatosha wao haujakamilika.

Hewa, sala na sitara

Dirisha lisizibwe na kabati. Upepo wa kusi na kaskazi ni wa bure, feni yala umeme. Televisheni ifungwe ukutani. Rafu ziwekwe juu ya kimo cha kichwa. Rangi nyeupe hukipanua chumba machoni.

Katikati pakiwa wazi, sala ya jamaa yawezekana nyumbani, na mgeni akija, pazia kwenye waya linalokata chumba lamsitiri kila mmoja.

Kwa nyumba ya kupanga

Usitoboe kuta. Tengeneza baraza vipande viwili vya mita 1.9, uhame navyo. Kama fedha hazitoshi, anza kwa kutoa: ondoa meza ya katikati wiki moja, uone.

Mume wangu aliona uzito mwanzoni. "Watu watasemaje wakikuta hatuna sofa?" Wazee wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Watu walikuja, wakakaa, wakala. Wawili wameshaniomba vipimo, ndiyo sababu nimeviandika hapa.

Na Ramadhani iliyofuata, adhana ilipoadhiniwa, kitindamimba alinishikia nafasi kando yake kwenye sinia. Tende ya kwanza alinipa yeye.