Grainda: Jinsi ya kurahisisha kazi bila kuumia

KATIKA karakana nyingi za magrili na fremu za chuma mijini, msumeno wa mkono na tupa vimeipisha grainda, mashine ya umeme inayozungusha kisahani cha kukatia au kusagia. Nondo iliyokuwa ikimtoa fundi jasho kwa dakika kadhaa sasa hukatika kwa sekunde chache.

Mashine za aina hii zina asili ya Ujerumani. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart ilitengeneza keekee ya umeme ya kushikwa mkononi, na mwaka 1954 kampuni ya Ackermann + Schmitt ikatoa grainda.

Wepesi huo, hata hivyo, una masharti. Msumeno husimama pale mkono unaposimama, lakini kisahani cha grainda huendelea kuzunguka hata baada ya swichi kuzimwa.

Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Visahani vingi vya kukatia vimeundwa kuhimili mwendo usiozidi mita 80 kwa sekunde ukingoni, sawa na kilomita 288 kwa saa. Kisahani cha milimita 115 katika mashine hiyo hufikia mita 66 kwa sekunde, hivyo hakivuki kiwango.

Hatari huanza fundi anapoondoa kikinga ili afunge kisahani kikubwa kinachokata kwa kina zaidi. Chenye milimita 180 hupita mita 100 kwa sekunde. Kikipasuka, vipande vyake huweza kumpiga usoni au shingoni, wala hakuna kikinga cha kuvizuia.

Kabla ya kuanza kazi, fundi anashauriwa kuhakikisha kuwa kasi iliyoandikwa kwenye kisahani hailingani tu na ya mashine, bali haiko chini yake. Aangalie pia tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kwa kawaida huchapwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati. Kisahani chenye ufa, au kilicholowa maji, kisitumike.

Chuma kibanwe kwenye jiliwa, mashine ishikwe kwa mikono miwili, na kisahani cha kukatia kisitumike kusagia kwa ubavu. Miwani ya jua haitoshi. Inahitajika miwani ya kazi inayofunika macho hadi pembeni.

Wakati wa kubadilisha kisahani, kuzima swichi pekee hakutoshi: plagi ichomolewe ukutani.